Shajara ya Mradi: Makufuli ya Faili Yaliyokuwa Yakipotea Kati ya Sironko na Kapchorwa

Jumatatu

Kabla ya saa nne asubuhi karani wa kituo cha ununuzi wa kahawa cha Kapchorwa alikuwa amenipigia simu mara tatu. Kila aliponyanyua gunia kutoka kwenye mizani na kuandika uzito wake katika leja ya kompyuta, programu ilikaa kimya kwa sekunde kadhaa, kisha ikaonyesha maneno `disk I/O error` (hitilafu ya kusoma au kuandika diski), na mara nyingine `database is locked` (hifadhidata imefungwa). Yeye ni mama mtu mzima aliyefanya kazi ya vitabu vya karatasi kwa miaka mingi kabla sisi hatujamletea kompyuta, na alichoniambia kilikuwa wazi kuliko ujumbe wa programu: "Mwanangu, kitabu kinajifunga nikiwa katikati ya mstari." Nilimwomba aendelee na stakabadhi za karatasi hadi nitakapomwambia vinginevyo, naye akanijibu kwamba alikuwa amekwisha kufanya hivyo tangu Ijumaa.

Kwa atakayeisoma shajara hii baadaye, mpangilio wetu ni huu. Seva ipo ofisini Mbale, inatumia Debian 12, aina ya mfumo wa Linux, na diski yake imesimbwa kwa LUKS, mfumo wa kusimba diski nzima. Folda ya kazi inatolewa kwa NFS, itifaki ya kushirikiana mafaili mtandaoni, toleo la 4.2, na kompyuta za nje ya Mbale, moja Sironko na nyingine Kapchorwa, huifikia kupitia handaki la WireGuard, ili kila kitu kinachopita katika mtandao wa simu kipite kikiwa kimesimbwa. Mbale kwenyewe kuna kompyuta tatu, moja yake ikiwa ya ghala. Ndani ya folda hiyo kuna nyaraka za kawaida za LibreOffice na leja ya kahawa, ambayo ni faili moja la hifadhidata ya SQLite linaloandikwa na vituo vyote. Ili waandishi wasigongane, programu huomba kwanza kufuli la faili, yaani ruhusa ya kuandika peke yake huku wengine wakisubiri.

Tatizo lilianza wiki ileile tuliyoweka handaki, na kwa hiyo wote ofisini wameshaamua kwamba usimbaji ndio mkosaji. Meneja ameniuliza kwa upole kama tunaweza kuuzima kwa muda, walau mpaka msimu wa mavuno upite. Nimemjibu kwamba haiwezekani, na sababu zangu naziweka hapa kwa maandishi. Leja ile ina majina ya wakulima, namba zao za simu, namba za vitambulisho vyao vya taifa na kiasi cha fedha ambacho kila mmoja amelipwa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatutaka tulinde taarifa za namna hiyo, lakini hata bila ya sheria, mkulima aliyeteremka mlimani na magunia mawili mgongoni mwa punda hakutupa namba ya kitambulisho chake ili mtu mwingine aisome njiani.

Jumanne

Nilianza na handaki lenyewe, kwa kuwa ndilo lililoshtakiwa. WireGuard kwa kawaida huweka kikomo cha ukubwa wa pakiti, yaani kipande kimoja cha data, kuwa baiti 1420, na mtandao wa simu unaoipa Kapchorwa intaneti haukubali pakiti kubwa kiasi hicho. Niliituma `ping -M do -s 1392` na hapakuwa na jibu hata moja, nikaituma kwa baiti 1252 na majibu yote yakarudi; kila moja huongezewa baiti 28 za vichwa, ikawa 1420 na 1280. Kikomo cha handaki la Kapchorwa sasa ni 1280. Kunakili mafaili makubwa kumekuwa kwepesi, na folda zilizokuwa zikichelewa kufunguka sasa zinafunguka. Makufuli, hata hivyo, yanaendelea kupotea kama jana, na Sironko, ambako pakiti kubwa zilikuwa zikipita bila shida, wana hitilafu ileile. Kwa hiyo huo ulikuwa ugonjwa mwingine uliokaa chumba kimoja na huu tunaoutafuta.

Jumatano

Leo nilikagua namna kila kompyuta ilivyopachika folda, yaani ilivyoiunganisha kutoka kwa seva, kwa amri ya `nfsstat -m`, na nimepata jambo lililonitia hofu kuliko malalamiko yote ya wiki hii.

Katika NFS toleo la 3, ambalo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1995, kufunga faili hakumo ndani ya itifaki yenyewe. Kazi hiyo inafanywa na huduma za pembeni, moja ya kutoa makufuli na nyingine ya kukumbuka nani alikuwa nayo endapo mashine itazimika, na huduma hizo zinahitaji poti zao wenyewe, yaani milango yao ya mtandao, mbali na 2049 ya NFS. Mtu akipitisha 2049 na poti za kupachikia folda tu ndani ya handaki, mafaili yatasomeka na kuandikwa vizuri, lakini programu yoyote itakayoomba kufuli itajibiwa `No locks available` (hakuna makufuli). Toleo la 4 liliyaingiza makufuli ndani ya itifaki, yote yakapita poti moja, na hiyo ndiyo sababu tulilichagua. Nilitarajia kukuta kompyuta ya Kapchorwa au ya Sironko imeteleza ikarudi kwenye toleo la 3. Zote mbili zilikuwa kwenye 4.2, sawasawa kama nilivyoziweka.

Iliyokuwa kwenye toleo la 3 ni kompyuta kuukuu ya ghala la hapa hapa Mbale, ambayo haijawahi kulalamikiwa na mtu. Katika faili lake la `/etc/fstab`, linaloorodhesha folda za kupachikwa, kulikuwa na neno `nolock`, lililowekwa zamani na mtu ambaye bila shaka alichoka na ujumbe huo wa makufuli kukosekana. Neno hilo haliondoi tatizo hata kidogo. Linaiambia kompyuta iyashughulikie makufuli ndani yake yenyewe bila kumwarifu seva, hivyo programu mbili za kompyuta ileile zitaheshimiana, lakini kompyuta nyingine zote hazitajua kwamba kuna mtu anaandika. Karani wa ghala alikuwa anapata kila kufuli aliloliomba, papo hapo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumkatalia. Alikuwa anaandika katika leja huku Sironko nao wakiandika, na kila upande ukiamini uko peke yake.

Niliifunga leja kwa kila mtu, nikachukua nakala, kisha nikaendesha `PRAGMA integrity_check`. Jibu lilikuwa `ok`, nikashukuru, lakini jibu hilo linahusu umbo la hifadhidata tu. Haliwezi kujua kama mstari uliopaswa kuwemo umefutwa na mwandishi mwingine aliyekuwa ameshika nakala ya zamani ya ukurasa. Kwa hiyo mimi na mhasibu tulikaa tangu saa saba mchana hadi giza likaingia tukilinganisha stakabadhi za karatasi na leja, gunia kwa gunia. Tumekuta mistari miwili iliyokosekana, yote ya siku moja, yote ya wakulima wa Sironko, na stakabadhi zao zilikuwa na sahihi ya karani na alama ya kidole ya mkulima. Mhasibu ameirudisha mistari hiyo na kuandika maelezo. Wakulima wale wawili watalipwa kesho.

Kompyuta ya ghala sasa iko kwenye 4.2 na neno lile limeondolewa. Nimetafuta `nolock` katika mashine zote nyingine na sikulikuta.

Alhamisi

Umeme ulikatika saa tano na nusu, betri ya seva ikachoka, na seva ikazimika. Ulipokuwa umerudi, vituo vyote viwili viliripoti kwamba leja "imeganda". Hili lina maelezo yake na halihusiani na tunachokitafuta, ila linafanana nacho kwa mtu aliye mbele ya kioo. Seva ikiwashwa upya, kwa sekunde 90 za mwanzo haitoi kufuli jipya kwa mtu yeyote. Muda huo ni wa wale waliokuwa na makufuli kabla ya kuzimika kuja kuyadai tena, asije mwingine akayachukua wakiwa bado hawajafika. Nimewaandikia makarani wote kwamba umeme ukirudi wasubiri dakika mbili kabla ya kugusa chochote, na wasizime kompyuta kwa kudhani imekufa.

Ijumaa

Asubuhi niliomba kumbukumbu za kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, kutoka vituo vyote viwili, nikaziweka kando kwa kando. Kwenye kompyuta ya Kapchorwa mstari huu ulijirudia mara nyingi:

`NFS: __nfs4_reclaim_open_state: Lock reclaim failed!`

Maana yake ni kwamba kompyuta ilikuwa na kufuli, ikapoteza mawasiliano ya kikao chake na seva, ikaanzisha kikao kipya, ikadai kufuli lake, na seva ikakataa. Baada ya hapo kerneli haiiachi programu iendelee kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Inairudishia hitilafu, na hiyo ndiyo `disk I/O error` ya mama yule wa Kapchorwa. Ni tabia ya busara, maana kama ingeruhusu maandishi yaendelee bila kufuli tungekuwa na makumi ya mistari iliyopotea, si miwili.

Kumbukumbu za Sironko zilikuwa na mstari uleule. Nilipotazama saa, nikasimama kutoka kwenye kiti. Kapchorwa ilipoteza kufuli saa 4:14 asubuhi, Sironko saa 4:15, Kapchorwa tena saa 4:16. Zilikuwa zinapokezana. Kompyuta za Mbale, ukiondoa ile ya ghala ambayo mpaka juzi haikuwa ikiomba kufuli kwa mtu, hazikuwa na mstari huo hata mmoja.

Kerneli za siku hizi zina folda kwenye seva, `/proc/fs/nfsd/clients`, ambamo kila kompyuta inayotumia toleo la 4 ina folda yake ndogo yenye namba. Nilitarajia folda tano. Nilikuta nne. Nikafungua faili la `info` la kila moja, na katika ile ya nne nikasoma hivi:

`address: "10.8.0.5:871"`
`name: "Linux NFSv4.2 kituo"`

Anwani hiyo ni ya Sironko. Kapchorwa, yenye 10.8.0.4, haikuwemo, ingawa nilikuwa nazungumza na karani wake kwa simu wakati huohuo na folda ilikuwa wazi mbele yake. Nilisubiri dakika moja nikaangalia tena. Namba ya folda ilikuwa imeongezeka kwa moja, jina lilikuwa lilelile `kituo`, na anwani ilikuwa imegeuka kuwa 10.8.0.4. Sasa Sironko ndiyo iliyokuwa imetoweka. Nilikaa pale kwa robo saa nzima nikiitazama namba ile ikipanda na anwani ikibadilika, 5, 4, 5, 4, kama watu wawili wanaovutana shuka moja.

Kompyuta hizi mbili zilitengenezwa siku moja, kwa kunakili diski ya moja hadi kwenye nyingine. Nilifanya hivyo mwenyewe, na sikubadilisha jina la mashine. Katika toleo la 4.1 na 4.2, kompyuta ya Linux hujitambulisha kwa seva kwa maandishi yanayotokana na jina lake la mashine, na pamoja nayo hutuma alama inayobadilika kila inapowashwa upya. Seva ikiona jina lilelile na alama tofauti, inahitimisha kwamba kompyuta ile ilizimika na kuwaka tena, na kwa hiyo makufuli yote ya zamani hayana mwenyewe na yanapaswa kufutwa. Hitimisho hilo ni sahihi kabisa kwa kompyuta moja. Kwa kompyuta mbili zenye jina moja, kila mojawapo inapojitambulisha inamfuta mwenzake. Kila kompyuta hujulisha seva kwamba bado ipo kabla muhula wa sekunde 90 haujaisha, na hapo ndipo ile iliyofutwa inapogundua kwamba kikao chake hakipo tena, inajitambulisha upya, na kumfuta yule mwingine.

Hapo pia nilielewa kwa nini usimbaji ulionekana mkosaji na kwa nini haukuwa. Funguo za WireGuard nilizitengeneza kwa mkono, moja kwa kila kompyuta, na kila moja ina anwani yake ndani ya handaki. Kwa handaki, Sironko na Kapchorwa ni mashine mbili zisizochanganyika. Kwa huduma ya makufuli, inayosoma jina na wala haiangalii ufunguo, zilikuwa mashine moja. Handaki liliwekwa wiki ileile kwa sababu kompyuta mpya zilikuja wiki ileile, na tungelizima tungebaki na hitilafu ileile, huku vitambulisho vya wakulima vikipita wazi.

Sikutaka kuamini kwa kusoma tu. Nilimwomba karani wa Sironko azime kompyuta yake kwa saa moja. Kapchorwa wakaingiza magunia 31 bila hitilafu moja. Alipoiwasha tena, hitilafu ya kwanza ilitokea Kapchorwa kabla ya dakika mbili kuisha.

Jumamosi

Nimekwenda mwenyewe, kwanza Sironko, kisha Kapchorwa kwa gari la abiria. Kazi hii haifai kufanywa kwa mbali, kwa sababu inabidi folda ishushwe kabisa na kompyuta iwashwe upya, na kosa dogo lingeniacha nje ya mashine.

Kwanza nilibadilisha majina, moja ikawa `sironko-1` na nyingine `kapchorwa-1`. Hilo peke yake lingetosha leo, lakini jina la mashine ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukibadilisha kesho bila kujua kinashikilia nini. Kwa hiyo nimeongeza kitambulisho cha pili, kwa kuweka katika `/etc/modprobe.d/nfs.conf` mstari wa `options nfs nfs4_unique_id=` ukifuatiwa na namba ya nasibu niliyoizalisha kwa `uuidgen` kwenye kompyuta husika. Nilikuwa nimekusudia kutumia yaliyomo katika `/etc/machine-id`, faili lenye namba ya utambulisho wa mashine, mpaka nilipoyalinganisha na kukuta kwamba nayo yalinakiliwa pamoja na diski, herufi kwa herufi. Nimeyazalisha upya, pamoja na funguo za SSH, zinazoitambulisha mashine kwa anayeingia kwa mbali, ambazo pia zilikuwa pacha.

Tahadhari kwa atakayenifuata: kitambulisho hicho kikishawekwa kisibadilishwe ovyo. Kompyuta ikizimika ghafla ikiwa na makufuli na kurudi ikiwa na kitambulisho kingine, seva haitaitambua, na makufuli ya zamani yatabaki yakimzuia kila mtu mpaka muhula wake uishe.

Kapchorwa mvua ilikuwa imenyesha na uwanja wa kituo ulikuwa tope tupu, lakini watu walikuwa wamepanga foleni. Mama karani alinipisha kwenye kiti chake na kusimama nyuma yangu muda wote. Niliendesha amri ya `flock`, inayoomba kufuli, juu ya faili la majaribio, nikimwacha karani wa Sironko kwenye simu aendeshe ileile. Yake ikasubiri. Nilipoiachia yangu, yake ikapita papo hapo, naye akapiga kelele ya furaha nikaisikia bila spika.

Kisha nikafanya jaribio lililo karibu zaidi na kazi halisi. Juu ya nakala ya leja, kila kituo kiliandika mistari 500 kwa wakati mmoja, kila mstari ukiwa muamala wake. Nilipokuwa nikisubiri nilifungua `/proc/locks`, orodha ya makufuli yaliyoshikwa, na pale palikuwa na makufuli ya SQLite kama yanavyopaswa kuwa: la kusoma, kuanzia baiti ya 1073741826 hadi 1073742335, na pembeni yake la baiti moja, 1073741825, la yule anayejiandaa kuandika. Yalitokea na kutoweka, yakatokea tena. Jaribio lilichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda, maana kila kufuli ni safari ya kwenda Mbale na kurudi, lakini mwisho wake niliposoma idadi ya mistari nilikuta 1000 kamili.

Jumatatu ya pili

Siku mbili za kazi bila hitilafu. Kwenye seva kuna folda tano, namba zao hazijabadilika tangu Jumamosi jioni.

Meneja ameniuliza kama sasa tumemaliza. Kuhusu makufuli yaliyokuwa yakipotea, ndiyo. Kuhusu leja, nimemshauri tusiiache hapo ilipo. Waandishi wa SQLite wenyewe wanatahadharisha dhidi ya kuliweka faili lake kwenye mfumo wa faili wa mtandao unaoandikwa na kompyuta nyingi, na baada ya wiki hii ninawaelewa. Hifadhidata inayotegemea kufuli la faili inategemea pia kila kompyuta kulidai kufuli hilo kwa uaminifu, na tumeona kwamba neno moja katika mashine moja ya ghala lilitosha kuliondoa sharti hilo bila mtu kusikia. Tutaihamishia leja kwenye PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa na seva yenyewe, vituo viandike kwa kuzungumza nayo kupitia handaki lilelile, na folda ya NFS ibaki kwa nyaraka. Amekubali, mradi uhamisho usifanyike wakati wakulima wako kwenye foleni. Tumepanga uwe baada ya ununuzi kupungua.

Mchana huu nimeirekebisha pia diski ya mfano tunayoitumia kutengenezea kompyuta za vituo. Haina tena jina la mashine, `machine-id` yake ni tupu, funguo za SSH zimefutwa, na ikiwashwa kwa mara ya kwanza inauliza jina kabla ya kufanya jambo lolote na kuzalisha kitambulisho chake cha NFS yenyewe. Kompyuta ya kituo kipya cha Budadiri itakuwa ya kwanza kutoka humo. Kabla haijapakiwa garini nitaiunganisha hapa ofisini na kuhesabu folda kwenye seva, ambazo zinapaswa kuwa sita.